Siku mbili mwisho wa reli kwa goti bovu: uchambuzi wa kisa cha matembezi ya Kigoma

Kisa hiki hakina ajali wala kioja. Mama mkubwa wangu, muuguzi mstaafu anayeishi Morogoro, alikuja Kigoma mwezi wa Julai kwenye harusi ya mdogo wangu. Harusi ilikuwa Jumamosi, ndege yake ya kurudi ilikuwa Jumanne asubuhi, kwa hiyo akabaki na Jumapili na Jumatatu mkononi. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kufika mwisho wa reli, yaani huku Kigoma. Umri umeshapita sabini, na alisema waziwazi kwamba hadhani kama atarudi tena, hivyo anataka kuuona mji, si kukaa sebuleni akihesabu sufuria za harusi zilizorudi na ambazo hazijarudi.

Goti lake la kulia limesagika. Daktari ameshamshauri kubadilishiwa goti naye ameshakataa. Hayo ni yao wawili. Anatembea kwa fimbo, polepole. Kuna siku goti linavimba, kuna siku linamwachia nafasi.

Dada yangu, yaani binti yake aliye Dar es Salaam, ndiye aliyetuma mpango wa kwanza kwa simu. Jumapili baada ya ibada: stesheni, soko la Mwanga, Kibirizi penye boti, kisha machweo. Jumatatu: Gombe kwenye hifadhi ya sokwe alfajiri, Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone mchana, ufukwe wa Katonga jioni. Alikuwa ameangalia ramani na kujumlisha kilomita. Ujiji ni kama kilomita nane kutoka mjini, Kibirizi ni karibu zaidi ya hapo, Katonga nako si mbali. Akamalizia kwa maneno ambayo nadhani familia nyingi zingeyaandika vilevile: kila mahali ni karibu, kila mahali mtafika kwa usafiri, Mama hatatembea.

Kasoro ya mpango huu ndiyo iliyonifanya nikiandike kisa hiki. Umbali wote ulihesabiwa kwa magurudumu. Kipande cha kutoka gurudumu linaposimama mpaka pale penye kitu cha kutazamwa hakikuhesabiwa na mtu, kwa sababu mwenye magoti mazima hakioni. Kwa goti lililosagika, kilomita nane za Ujiji ndani ya bajaji hazina gharama yoyote. Dakika ishirini za kusimama mbele ya mwongozaji anayesimulia historia zinaweza kummalizia mtu mchana wote. Ngazi tatu za mlangoni ni mzigo kuliko mtaa mzima ulio tambarare, na kuzishuka ni kubaya kuliko kuzipanda. Kuinuka kutoka kwenye kigoda au kochi lililozama ni kazi. Mchanga ni kazi, maana fimbo inadidimia na kila hatua mguu unatafuta upya pa kujishikia.

Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kujua anaweza nini hasa. Swali la "unaweza kutembea kiasi gani?" halifai kitu. Nilimuuliza hivyo kwa simu kabla hajaja, akanijibu, "Kidogo kidogo tu mwanangu, usijali." Mama wa rika lake hawezi kumwambia mtoto kwamba hawezi. Nikabadilisha. Nikamuuliza akitoka nyumbani kwenda dukani anapumzika wapi. Hapo akafunguka: anapumzika kwa fundi cherehani chini ya mwarobaini, fundi anamwekea kiti, akitoka hapo anafika dukani, akirudi anapumzika kwa fundi tena, na jioni hiyo hatoki. Dada alikwenda kumtembelea akapiga hatua zile kwa miguu yake mwenyewe: karibu hatua mia mbili mpaka kwa fundi, nyingine kama hizo mpaka dukani. Basi tukawa na kipimo. Hatua mia mbili za tambarare, kiti, mia mbili nyingine. Kwenda na kurudi mara moja kwa siku, labda zaidi kidogo siku ya furaha. Kila kilichopangwa Kigoma kilipimwa kwa kipimo hicho.

Kwa kipimo hicho orodha ya dada inaanguka kabla ya saa nane ya siku ya kwanza, hata bila Gombe.

Jambo la pili ni lile ambalo watu wanaona haya kulitaja, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua safari ya mtu mwenye magoti mabovu kuliko mandhari yoyote: choo. Goti lililosagika halichuchumai. Vyoo vingi vya mitaani, vya mabaa na vya sehemu za umma ni vya kuchuchumaa, na mtu asiyeweza kuchuchumaa ana njia moja tu ya kujilinda: hanywi maji. Mama mkubwa alikiri kwamba kwenye safari ndivyo anavyofanya siku zote. Yeye ni muuguzi, anajua vizuri sana maana ya mtu wa umri wake, mwenye shinikizo la damu, kukaa kwenye joto la Kigoma kutwa nzima bila maji. Anajua, na bado anafanya, kwa kuwa aibu ina nguvu kuliko elimu.

Tukaacha kupanga njia kwa vivutio, tukaipanga kwa vyoo. Nyumba ya wageni aliyofikia ilikuwa na choo cha kukaa. Hapo pakawa kitovu, na kila mzunguko ukatakiwa kurudi hapo ndani ya saa mbili au tatu. Mzunguko wa Ujiji ulikuwa mrefu kidogo, kwa hiyo tulitumia kile kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati ambacho nyumba nyingi zenye mgonjwa au mzee wanakijua. Kinawekwa juu ya choo cha shimo na mambo yanakwisha. Tulikiazima kwa jirani, tukakifunika khanga, kikakaa nyuma ya bajaji. Dada alipoambiwa kwa simu alicheka. Mama mkubwa hakucheka; aliuliza kama kina mikono. Kiti kisicho na mikono hakimsaidii kuinuka.

Namna ya kuulizia chumba nayo inahitaji ujanja. Ukimpigia mtu wa mapokezi ukamuuliza kama kuna ngazi, atakwambia hakuna, na atakuwa anasema kweli yake, kwa sababu vidaraja vitatu vya mlangoni yeye havihesabu kuwa ngazi. Nyumba ya kwanza niliyopiga ilinijibu hivyohivyo. Nilipokwenda nikakuta chumba cha chini kweli kipo, ila kufika mlangoni unapanda vidaraja vinne visivyo na pa kushika. Ya pili niliwaomba picha tatu kwa simu: mlango wa kuingilia kutoka nje, choo, na kitanda kikiwa na mtu amekaa juu yake. Ile ya kitanda iliwashangaza. Kitanda kikiwa kifupi sana hainuki bila kuvutwa. Kikiwa kirefu sana hafiki sakafuni vizuri gizani. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayotaka majengo yanayotumiwa na umma yafikike, na jengo jipya lisilo na mahali pa kupita bila ngazi halina kisingizio. Ila mgeni wa siku mbili hawezi kulala kwenye sheria. Analala kwenye chumba kilichopo.

Usafiri ulinifanya nibishane na dada zaidi ya kitu kingine chochote. Yeye alitaka gari dogo la kukodi, kwa heshima ya mama yake. Mimi nilitaka bajaji. Gari dogo lina kiti cha chini, unaingia kwa kuinama na kutoka kwa kujinyanyua, na hiyo kunyanyuka ndiyo goti haliwezi. Gari refu la mbugani lina kidaraja kirefu mno. Bajaji ina kiti kilicho kwenye urefu wa kufaa, ina bomba la kushika, haina mlango wa kupigana nao, na inaingia mpaka pale gari linapoambiwa liegeshe nje. Hasara yake ni mtikisiko na vumbi la Julai. Tulimkodi kijana mmoja kwa kutwa, bei tukapatana asubuhi, na sharti likawa kwamba hatupitii kubeba abiria mwingine njiani wala hatuachwi mahali "nakuja sasa hivi".

Kijana huyo alituongezea maarifa ambayo mimi sikuwa nayo. Bajaji nyingi zimefungwa upande wa kulia, abiria anashukia kushoto. Kigoma ni mji wa mteremko, kuanzia juu Mwanga mpaka chini stesheni na ziwani. Kwenye kiwanja kilichoinama aliegesha daima upande wa kushoto ukiwa wa juu, ili ardhi imfuate Mama mguuni. Akiegesha kinyume, hatua ileile inakuwa ndefu karibu mara mbili. Pakiwa na ukingo au baraza alisogea mpaka aguse. Mama mkubwa naye alikuwa na kanuni yake ya hospitalini: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mbovu, na fimbo inakaa mkono wa upande wa mguu mzima. Watu wengi wanaishika fimbo upande wa maumivu, alisema, wakadhani inawasaidia. Dawa yake ya maumivu, parasetamo ya kawaida, aliimeza kabla ya kutoka badala ya kungoja goti liume. Diklofenaki hakuigusa kwa sababu ya presha.

Saa nazo. Tanzania nzima ina saa moja, ila Kigoma iko magharibi sana, jua linatufikia kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam. Mwezi wa Julai linachomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama kama saa moja jioni. Mgeni anayepanga kwa mazoea ya pwani anaamka saa kumi na mbili na kukuta bado giza, na anapodhani jua la saa kumi limepoa anakuta bado linachoma. Kwa mtu anayetembea polepole hili linamaanisha kitu kimoja: asubuhi mpaka saa tano ni yake, saa sita mpaka saa kumi na moja ni ya kulala na kuinua mguu juu ya mto, halafu ana saa mbili nzima za mwanga mzuri ambazo ndugu zake wa pwani hawana.

Jumapili baada ya ibada alipumzika. Alasiri tulishuka barabara ya Lumumba, mwendo wa pole, miembe pande zote mbili, kutoka Mwanga mpaka inapoishia stesheni. Barabara hiyo inafaa kushukwa ndani ya chombo. Kuipanda kwa miguu ni adhabu hata kwangu. Pale stesheni, jengo la Wajerumani, alikaa kwenye benchi na kulitazama kwa raha zake. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na ilifika ikiwa na haraka: Wajerumani walikuwa na meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa treni mpaka hapa, kisha ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mama mkubwa alisikia hadithi yote hiyo amekaa, na nusu ya starehe ilikuwa hapo. Bandarini hatukuingia. Kunataka ruhusa, kuna kutembea kwingi, na kutembea kwingi tulikuwa tumekuweka akiba kwa Ujiji.

Machweo aliyaona kutoka kwenye ukumbi wa juu wa mgahawa mmoja ulio mwinukoni, ambako bajaji inafika mpaka kwenye sakafu. Viti vyao vilikuwa vya plastiki na vifupi. Hapa kuna mbinu isiyogharimu kitu: pachika viti viwili, kimoja juu ya kingine. Vinapanda vidole kadhaa na vinakuwa imara zaidi. Milima ya Kongo haikuonekana, kiangazi kina ukungu wa moshi na vumbi. Anayeitaka aje baada ya mvua kuisafisha hewa. Lakini mwezi ulikuwa haujatoka, na hilo tulilitazama kwenye kalenda makusudi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, wanavuta samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wengi wanapumzika. Ilipofika saa mbili ziwa likawa na taa kama mtaa. Alikula samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo pale alipokaa, akazihesabu taa mpaka akachoka. Kitu kizuri kuliko vyote alivyoviona Kigoma, kwa maneno yake, hakikumtaka asimame hata mara moja. Dada hakuwa amekiweka kwenye mpango. Hakipo kwenye ramani.

Gombe ndipo palipokuwa na ugumu wa kweli, kwa sababu ndipo alipopataka kuliko kwingine. Alimjua Jane Goodall tangu zamani, yule dada wa Kiingereza aliyefika pale Julai 1960 kuwatazama sokwe, na hifadhi yenyewe ikatangazwa mwaka 1968. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Gombe haina barabara, unakwenda kwa boti kutoka Kibirizi; kupanda boti ni kupita kwenye ubao au kuingia majini; ukifika, sokwe hawakungoji ufukweni, unawafuata kwenye miteremko mikali ya msitu. Goti lile haliwezi hata robo ya hayo.

Dada alitaka nimwambie kwamba hifadhi imefungwa, tumalizane. Nilikataa, na ningekataa tena. Mtu aliyefanya kazi wodini miaka yote ile, akiwaambia wagonjwa ukweli, haistahili adanganywe kuhusu goti lake mwenyewe. Isitoshe, uongo wa namna hiyo una tabia ya kufichuliwa na dereva wa bajaji. Tulichofanya ni kumpeleka Kibirizi Jumatatu asubuhi, tukiwa njiani, akaangalie boti zinavyopakia. Bajaji ilisimama kwenye ardhi ngumu, juu ya mchanga. Aliwatazama abiria kwa muda mrefu: vijana wanaruka, kina mama wenye watoto mgongoni wanashikwa mkono, mzee mmoja akabebwa begani kama gunia mpaka ndani. Yule mzee akafika, akakaa, akarekebisha baraghashia yake, safari ikaendelea. Nilidhani angesema na yeye abebwe. Akasema, "Kupanda ningepanda. Huko mbele ndiko sikuwezi. Twende Ujiji." Basi. Uamuzi uleule ambao mimi ningetoa, lakini umetoka kwake, na siku nzima hakuurudia kwa uchungu.

Sitaki kusema kwamba kila mzee ataamua hivyo. Yupo atakayesema bebeni, na hapo mpangaji awe amejiandaa kujibu. Kwa wa aina hiyo ningependekeza boti ya kukodi ya kuzunguka ghuba tu, siku ambayo ziwa limetulia, asubuhi kabla upepo haujaanza, akiwa na kiti chenye mikono kilichofungwa ndani ya boti na koti la kuokolea. Kuona ufukwe kutoka majini hakuhitaji kuteremka popote.

Ujiji tulifika kabla ya saa nne. Eneo la kumbukumbu ya Livingstone ni dogo, lina kivuli cha miembe, lina makumbusho na sanamu zake na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wakikutana. Kwa hatua peke yake lingetosha kipimo chetu bila taabu. Hatari ilikuwa ni kule kusimama, maana utaratibu wa kawaida ni mwongozaji kusimama nawe kwenye mnara, kisha kwenye miembe, kisha mbele ya kila picha ukutani, na adabu inamkataza mgeni kukaa wakati mwenyeji anazungumza. Nilimfuata mwongozaji pembeni mapema nikamwomba ageuze: Mama akae kwanza chini ya mwembe, maelezo yote yatolewe hapo, halafu apite ndani mara moja akitazama kimyakimya vitu ambavyo ameshaelezwa. Alikubali mara moja na nadhani alifurahi, kwani mtu aliyekaa anasikiliza vizuri na kuuliza maswali. Ombi hilo moja liliokoa nusu ya nguvu zote za siku ile. Ningemshauri yeyote alifanye katika makumbusho yoyote nchini.

Na maswali yakaja. Mwembe wa asili ulishakufa, hii iliyopo inasemekana ni ya uzao wake. Stanley mwenyewe aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba 1871, ila ukisoma shajara ya Livingstone tarehe zinaangukia mwishoni mwa Oktoba. Angalau mmoja wao alikuwa amepoteza hesabu ya siku, na kwa hali waliyokuwa nayo si ajabu. Hapo Mama mkubwa akauliza swali la kiuguzi: hali gani hasa? Mazungumzo yakachukua njia ambayo sikuitarajia. Livingstone, mtembeaji ambaye dunia nzima inamjua kwa miguu yake, mwaka 1870 alikwama miezi kadhaa huko Manyema, ng'ambo ya ziwa, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwanzoni mwa 1869, alikuwa na ugonjwa wa mapafu, akabebwa juu ya kitanda na msafara wa mfanyabiashara Mohamad Bogharib mpaka ziwani, ndipo akavushwa kuja Ujiji. Kabla yake, Februari 1858, walifika wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke. Burton miguu ilikuwa imeishiwa nguvu, sehemu ya safari alibebwa na wapagazi. Speke alikuwa anaumwa macho, ziwa lenyewe alilokuja kulitafuta hakuliona vizuri.

"Kumbe na wao walibebwa," akasema. Akataka kujua waliowabeba majina yao yameandikwa wapi pale ukutani. Nilimtajia Susi na Chuma, waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani baada ya kufa kwake 1873. Wapagazi wengine wasiohesabika walioipita njia ile kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, wengi wao wakiwa na pembe begani na wengine wakiwa watumwa, hawana ukuta. Alikaa na hilo kidogo, kisha akaomba kile kiti chetu, na mambo yakaenda salama.

Barabara inayoteremka kutoka pale kuelekea ufukweni tuliipita ndani ya bajaji, bila kushuka. Nyumba za zamani za Waswahili, mabaraza, watu wanasalimia. Kule chini mafundi walikuwa wanaunda boti za mbao. Kijana aligeuza bajaji upande ili Mama awe anawatazama kutoka kwenye kiti chake, na mafundi wakasogea wao kuja kumpa shikamoo. Hilo nalo ni la kuweka kwenye hesabu: Kigoma mzee akikaa mahali, watu humjia. Mji ambao kijana anautafuta kwa kutembea, mzee anaweza kuletewa sehemu yake.

Saa saba alikuwa kitandani, mguu juu. Goti lilivimba kiasi, halikuvimba sana. Katonga tuliifuta bila ubishi. Fukwe za kule zina kuteremka na kupanda, na jioni ilikuwa ya kupanga mizigo. Kwa uwanja wa ndege nilikuwa nimeshamwambia dada aombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, maana ukikiomba ukiwa umeshafika unaweza kungoja umesimama, yaani gharama ileile uliyokuwa unaikwepa.

Kilichobaki bila kupatana ni soko la Mwanga. Aliliona kutoka barabarani tu: mawese kwenye madumu, dagaa, vitenge vya Kongo. Alitaka vitenge, akanituma, nikamletea vya rangi ambazo asingechagua. Ndani ya soko hakuna pa kukaa na njia ni nyembamba, hatua mia mbili zingeishia kwenye nyanya. Mimi nilisema tangu mwanzo tuazime kiti cha magurudumu, vijana wawili wa nyumbani wangemsukuma saa moja akachagua mwenyewe. Alikataa katakata: "Mimi si mgonjwa." Dada alikuwa upande wake. Nilimjibu kwamba kiti kile atakipanda uwanja wa ndege bila neno. Akasema uwanja wa ndege hakuna anayemjua, Mwanga ameshaonwa na waalikwa wote wa harusi. Naona hoja yake, ila bado nadhani amekosa soko kwa sababu hiyo. Juzi amepiga simu kuulizia kama naweza kubadilisha kitenge kimoja.